Maswali na majibu: Nimeombwa kuwa mama wa ubatizo Ujerumani

SWALI: Ndugu wahariri, rafiki yangu niliyesoma naye anaishi Köln na mumewe, na ameniomba niwe mama wa ubatizo wa binti yao. Nilibatizwa Moshi vijijini, kipaimara nikapata hapa Dar es Salaam. Nimeajiriwa kama mhasibu. Ubatizo ni miezi minne ijayo. Nianze na viza au na kanisa?
Msomaji, Tabata

JIBU: Anza na kanisa, dada, tena wiki hii. Muda wa viza unajulikana. Barua inayotoka parokia mbili zilizo mbalimbali haina muda maalumu.

Kanuni ya 874 ya Sheria ya Kanisa inataka msimamizi, yaani mama au baba wa ubatizo, awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepata kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, na asiwe mzazi wa mtoto. Hapo kwenye kuishi imani ndipo wengi wanapokwama, hasa anayeishi na mwenzi bila ndoa ya Kanisa. Parokia za Ujerumani huomba uthibitisho wa hayo yote, wenyewe huuita Patenschein. Kwako utakuwa barua ya paroko wako yenye muhuri. Paroko naye atataka kwanza neno la mwenyekiti wa jumuiya yako, kwa hiyo kama umeadimika jumuiyani, kaonane naye mapema.

Cheti cha ubatizo ulichotunziwa na mama tangu utotoni hakitoshi, kwa sababu kiliandikwa kabla ya kipaimara chako. Habari za kipaimara na ndoa hurudishwa kwenye kitabu cha parokia ulikobatizwa, zikaandikwa pembeni ya jina lako. Omba Moshi cheti kipya chenye kumbukumbu hizo. Wakati mwingine habari ya kipaimara haikufika huko kabisa; hapo chukua cheti cha kipaimara hapa Dar na ukiambatanishe. Angalia pia majina: cheti kikisema Maria Goreti na pasipoti ikasema Mary, mwombe paroko aeleze kwenye barua kwamba ni mtu mmoja. Barua iandikwe Kiingereza, usije ukatafuta mfasiri wa Kiswahili huko.

Sasa viza. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45, na miadi yenyewe huwa ya kugombea. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ukikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Tiketi weka oda tu. Usilipe kabla ya viza.

Rafiki yako akikugharamia, aende ofisi ya wageni ya mji wake akasaini Verpflichtungserklärung, yaani ahadi rasmi ya kubeba gharama zako, kisha akutumie karatasi halisi. Picha ya WhatsApp haikubaliki. Aongeze barua ya paroko wa huko yenye tarehe ya ubatizo na jina lako kama msimamizi.

Hata hivyo wengi hunyimwa kwa sababu moja: ubalozi haukuridhika kwamba watarudi. Kwa hiyo weka uzito hapo. Leta mkataba wa kazi, barua ya likizo yenye tarehe ya kurejea kazini, hati za mshahara, taarifa ya benki, na vyeti vya watoto unaowaacha kama unao. Usikope milioni kadhaa ukaziingiza kwenye akaunti wiki ya maombi. Pesa iliyotua ghafla, isiyo na maelezo, inaonekana wazi na inatia shaka.

Ukipitia Amsterdam, ukaguzi wa kuingia Schengen ni hapo, si Ujerumani. Beba nakala zote mkononi, si kwenye begi la chini. Samli na nyama usibebe, zitachukuliwa.

Kanisani padre atakuuliza mara tatu, nawe utajibu „Ich widersage“ ukimkataa Shetani na „Ich glaube“ ukikiri imani. Yafanyie mazoezi kwa sauti. Waulize wazazi mshumaa wa ubatizo unanunuliwa na nani, maana huko mara nyingi ni kazi ya msimamizi.

SWALI: Nimenyimwa viza na ubatizo ni Jumapili ijayo. Je, nimepoteza nafasi?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Si lazima. Maparoko wengi hukubali mwakilishi asimame kwa niaba yako, na wewe ukaandikwa kitabuni kama msimamizi. Kufuatilia kwa simu ya video peke yake hakutoshi. Leo hii mwandikie paroko wa huko barua fupi: jina lako, jina la mtoto, jina la mwakilishi, na kwamba umekubali wajibu huo. Isaini, uitume pamoja na barua ya paroko wako, kisha mwombe rafiki yako ahakikishe jina lako limeandikwa vizuri kabla kitabu hakijafungwa siku hiyo.