Milioni ya korosho imeingia, mbona deni halijashuka kwa milioni?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Masasi. Novemba mwaka jana nilikopa benki shilingi 6,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, miaka mitatu. Kila tarehe 25 nakatwa 216,914. Baada ya makato 12 salio lilikuwa 4,345,000. Hela ya korosho ilipotoka, tarehe 10 Desemba nikapeleka 1,000,000 kupunguza deni. Kuomba salio, nakuta 3,377,141. Limepungua 967,859 tu! Elfu 32 yangu imekwenda wapi? Mume wangu anasema nimeibiwa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujaibiwa, na umwambie baba watoto leo hii, maana najua maneno hayo yanavyovuruga nyumba. Nimefanya kazi ya mikopo benki miaka 11, na swali lako nililijibu dirishani karibu kila msimu wa mavuno.

Riba ya mkopo wako inahesabiwa kila siku. Chukua 4,345,000, tafuta asilimia 18 yake, gawa kwa siku 365. Unapata kama shilingi 2,143 kwa siku. Tangu makato ya Novemba 25 hadi Desemba 10 ni siku 15, yaani 32,141. Hiyo ndiyo elfu 32 unayoitafuta. Benki huchukua kwanza riba iliyokwisha kulimbikizwa, kinachobaki ndicho kinachopunguza deni la msingi, yaani hela uliyokopa yenyewe bila riba. Ungepeleka Novemba 26, wangechukua 2,143 tu. Kwa hiyo siku nyingine ukipata hela ya ziada, ipeleke mara tu unapoipata, usiikalishe.

Lakini usijute. Riba hiyo ungeilipa Desemba 25 hata usingepeleka senti. Sasa siku hiyo utadaiwa riba ya siku 15 tu, tena juu ya deni dogo: 24,981. Katika makato yako, 191,933 itaingia kwenye deni la msingi. Novemba iliingia kama 149,500. Hapo ndipo milioni yako inapofanya kazi, na itaendelea kila mwezi.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hujaniambia kama uliandika barua. Mwaka 2014 nilipeleka laki nane kwenye mkopo wangu mwenyewe, benki nyingine, bila maandishi. Wakaziweka kama marejesho ya mbele: zikakaa kwenye akaunti zikikatwa mwezi baada ya mwezi, na riba ikabaki ileile. Niligundua baada ya miezi mitatu, na iliniuma sana. Yako imepunguza salio, mshukuru Mungu. Bado uwaambie unataka nini sasa. Ukiendelea kukatwa 216,914 zilezile, utamaliza kwa makato 18 badala ya 24 yaliyobaki, na utaokoa riba ya kama 364,000. Wakikushushia makato mpaka karibu 165,000 na kuacha muda uleule, utaokoa kama 199,000 tu. Kama mshahara unakutosha, mwanangu, chagua kufupisha muda. Wengi hufurahia makato madogo, nami nawaelewa, ila tofauti ya riba kati ya njia hizo mbili, nayo kama 165,000, ni pembejeo za shamba lako.

Haya yote ni kwa sababu riba yako inafuata salio linalopungua. Wapo wakopeshaji wanaohesabu riba juu ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho. Kwa mkopo kama wako ingekuwa 1,080,000 kila mwaka, hata deni likibaki laki moja. Kwao milioni ya ziada haikupunguzii riba, isipokuwa mkataba useme hivyo.

Nenda kabla ya tarehe 25 na barua nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri. Uliza kama mkataba una tozo ya kulipa kabla ya muda, kisha uombe ratiba mpya ya marejesho. Makato ya Desemba yakipita, chukua taarifa ya mkopo utazame mstari wa riba. Ukiona imezidi sana 24,981, niandikie tena.