Maziwa Yameongezeka, Mbona Krimu Imepungua na Yana Harufu?

SWALI: Nina ng'ombe wawili chotara wa Friesian. Tangu nianze kuwapa saileji ya mahindi (mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kuvundikwa bila hewa) kabla ya kukamua jioni, pamoja na kilo 5 za pumba kwa kila mmoja kwa mkupuo mmoja asubuhi, maziwa yameongezeka. Hata hivyo, krimu ni nyembamba mno, na mnunuzi analalamikia harufu ya maziwa ya jioni. Je, niviache vyakula hivi?
Mfugaji, Njombe

JIBU: Usiviache, ndugu mfugaji, kwani ndivyo vilivyokuongezea maziwa. Kinachohitaji kurekebishwa ni saa na namna ya kulisha.

Ng'ombe anapokula saileji, harufu yake huingia mapafuni kwa pumzi na kwa hewa anayobeua, ikapita kwenye damu hadi kwenye kiwele, na ndiyo maana kufunika ndoo au kuchuja maziwa mara mbili hakusaidii. Mpe saileji mara tu baada ya kukamua, zipite walau saa 4 kabla ya kukamua tena, na mabaki yaondolewe horini. Majani ya kabichi yafuate utaratibu huohuo. Vitunguu asipewe kabisa. Ili ujue kama umefanikiwa, pasha maziwa kidogo ya kila ng'ombe peke yake hadi yawe vuguvugu, kisha yanuse papo hapo unapofunua kifuniko.

Kuhusu krimu, vijidudu vya tumboni huchachusha nyuzinyuzi za majani na kutoa tindikali ileile iliyomo kwenye siki, ambayo kiwele huitumia kutengenezea mafuta. Pumba nyingi kwa mkupuo huvuruga kazi hiyo: tumbo huwa na ukali, ng'ombe hucheua kidogo, na mate ambayo yangepunguza ukali huo hayatoki ya kutosha. Zigawe kilo hizo mara 3 kwa siku, naye atangulie kula nyasi kavu, au majani ya tembo yasiyokatwakatwa mno. Mtazame anapopumzika, anayecheua vizuri hutafuna tonge moja mara 50 au zaidi kabla ya kulimeza.

Krimu itaanza kurudi baada ya wiki 2 au 3. Ila harufu ikiwa tamutamu, kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nayo ikasikika hata kwenye pumzi ya ng'ombe aliyezaa karibuni, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.