Invoisi za mwisho wa mwezi na katoni za ofa

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mratibu wa mauzo Kanda ya Kusini, nazunguka Lindi, Mtwara na Ruvuma kwa kampuni ya sabuni na mafuta ya kula. Mwezi ukiisha na tageti haijatimia, nawaomba wauzaji wa jumla wakubali kupigiwa invoisi, kisha mzigo tunaurudisha tarehe 3 au 4. Kamisheni yangu na ya vijana wangu inahesabiwa kwa invoisi hizo. Tena katoni za ofa zikibaki naziuza, pesa naweka mfukoni, bosi hajui. Je, pato langu ni halali? Na Ijumaa nyingi hunikuta njiani.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kazi yako ni halali na kamisheni kwa asili yake ni halali. Imam Bukhari ametaja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan, wanazuoni wa kizazi kilichofuata Maswahaba, hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Mshahara wa kuzunguka na kusimamia vijana usiutilie shaka.

Invoisi ndizo zenye tatizo kubwa. Mwenye duka anagonga mhuri tarehe 30, nanyi wawili mnajua kuwa hakununua. Pengine mzigo haujatoka hata stoo. Hapo hakuna mauziano, kuna uongo ulioandikwa, na kamisheni inayotokana nao si yako.

Usiuchanganye na mambo mawili yanayofanana nao. Mteja aliyenunua kweli, kisha biashara ikamlemea akaomba mzigo urudi, kumkubalia ni iqala, na Mtume (s.a.w.) amesema anayemkubalia Muislamu kuvunja mauziano, Allah atamsamehe kuteleza kwake. Nyinyi mmepatana kurudisha kabla hata ya kuandika. Jambo la pili ni mali kauli: anachukua mzigo, akiuza analipa, usipouzika unarudi. Hilo linafaa kampuni ikiridhia, ila mzigo bado ni wa kampuni na uandikwe hivyo, usiandikwe kuwa umeuzwa.

Wengi hujitetea kuwa hakuna anayedhulumika. Wapo. Kampuni inalipa kamisheni ya mauzo yasiyokuwepo na inapanga mzigo kwa hesabu za uongo. Mratibu wa kanda nyingine aliyeandika ukweli anaonekana mvivu mbele yako. Vijana wako nao, tageti yao ikipandishwa kwa kufuata invoisi hizo, watasukumwa kudanganya zaidi. Mtume (s.a.w.) amesema kuhusu muuzaji na mnunuzi kuwa wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa.

Kuhusu katoni za ofa, wewe ni wakili wa kampuni, yaani unauza mali yake kwa niaba yake. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa na Mtume dinari moja amnunulie mbuzi. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Faida ilitokana na ujuzi wake mwenyewe, wala hakuibakisha. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Basi vipi katoni ambazo hukuzitolea jasho, zilizowekwa kwa ajili ya wateja? Zirudishe, au omba ruhusa ya wazi kwa mwenye mamlaka ya kuitoa.

Toba yako ni kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia na kurudisha haki. Piga hesabu kwa dhana iliyo karibu na ukweli. Kuipeleka pesa hiyo madrasa au msikitini hakutoshi, kwa sababu sadaka ni ya mali ambayo mwenyewe hapatikani, na kampuni ipo. Si lazima ujifichue ikiwa unahofia madhara makubwa. La muhimu haki imfikie mwenyewe, hata kwa kuacha kudai marupurupu unayostahili mpaka deni liishe. Na vijana uliowafundisha mtindo huu, waambie waziwazi kuwa umekosea na usiupokee tena kutoka kwao.

Ama Ijumaa, msafiri haimlazimu. Ataswali adhuhuri, na safari ikifika kama kilomita 81 ana ruhusa ya kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili na kukusanya swala mbili kwa wakati mmoja. Lakini katika madhhabu ya Shafi, aliyepambazukiwa mjini siku ya Ijumaa haondoki kabla ya kuiswali, ila kama ataipata njiani au atadhurika kwa kubaki nyuma ya wenzake. Ratiba ya kanda unaipanga wewe, basi safari ya Masasi iweke Alhamisi, au Ijumaa baada ya swala.

Wallahu a'lam.