Brashi kwanza, au mashine ya stika?

Swali: Fundi, shikamoo. Nina miaka 21, naishi Kayole, na nataka kazi ya kuandika mabango. Daftarini mwandiko wangu ni mzuri, lakini ukutani herufi hubanana mwishoni na rangi hutiririka. Mjomba yuko tayari kuninunulia mashine ya kukata stika. Niachane na brashi?

Jibu: Marahaba. Mwombe mjomba asubiri kidogo. Mashine hukata ulichopanga; ukipanga ovyo, itakata ovyo, tena upesi. Stika zina mahali pake, kwenye vioo na milango ya magari, lakini kwenye plasta yenye mikwaruzo au bati lenye kutu hubanduka.

Hilo la kubanana lilinipata nikiandikia kibanda cha chakula: CHAPATI ikajinafasi, MAHARAGWE ikajazana kama abiria wa matatu ya mwisho. Tangu siku hiyo hupiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, nikatafuta katikati ya ukuta, nikachora kila herufi kwa chaki kabla ya kufungua mkebe. Nafasi usizigawe kwa rula. Miguu iliyosimama, kama I na N katika KINYOZI, hutaka kuachiana. L na A katika DUKA LA DAWA huacha shimo, zisogeze. O nayo ipite mistari yote miwili kidogo, la sivyo itaonekana imedumaa. Kisha rudi nyuma hatua kumi, finya macho, utazame.

Rangi ikitiririka, ama umezidisha thina ya kuzimulia rangi ama brashi imebeba mzigo mkubwa. Chovya nusu ya nywele, zipitishe huku na huku kwenye kadibodi mpaka zilale bapa. Vuta kwa mkono mzima, si vidole. Ukitetemeka, egemeza mkono kwenye fimbo iliyofungwa kitambaa kwenye ncha inayogusa ukuta. Ukuta wenye unyevu usiupake rangi.

Kuhusu ukubwa, kwa kila mita 3 za umbali, kimo cha herufi kiwe takriban milimita 25. Mwenye duka anayetaka kusomwa kutoka ng'ambo ya Outer Ring Road, tuseme mita 30, anahitaji milimita 250.

Cheti cha ufundi cha NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kitakufaa ukitafuta kazi za kampuni. Wa kibandani atataka kuona picha za kazi zako. Chukua arubuni ya rangi, kubalianeni nani atalipia kibali cha kaunti, na maneno ya bango mteja ayaandike kwa mkono wake. Akitaka SALOON badala ya SALON, uwe na karatasi ya kuonyesha.