Kabla ya kozi nyingine ya nimonia, uliza kama moyo umepimwa

Mwanangu alikuwa na miezi tisa alipomaliza kozi ya tatu ya sindano za nimonia. Katikati hapo aliwahi pia kuandikiwa dawa ya pumu, ile ya kupuliza. Anapata nafuu siku nne, tano, kisha kifua kinaanza tena kukoroma. Ilikuwa Julai, na Moshi ya Julai kila mtoto anakohoa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, nami nikiwamo. Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho na chupa ya mtori na kauli moja: "Mama Baraka, huyu mtoto anapigwa baridi." Nikamvalisha masweta mawili.

Kituo tulichokuwa tunakwenda sikitaji. Tatizo ni kwamba kila safari tulikuta mhudumu mwingine, akaandika karatasi nyingine, na hakuna aliyewahi kuziona zote pamoja. Hata mimi sikuwahi. Moja nilikuwa nimeifungia vitumbua. Siku nilipozitandaza kitandani kwa tarehe, na kadi ya kliniki pembeni, niliona jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote: mstari wa uzito ulikuwa umelala tangu mwezi wa tano.

Kwa hiyo kama una haraka, chukua hili tu: nunua bahasha ya kaki, weka humo kila karatasi ya mtoto, na uende nayo yote.

Kulikuwa na dalili nyingine nilizokuwa nikizitazama bila kuziona. Alikuwa ananyonya dakika mbili, anaachia ziwa, anahema, paji la uso limelowa jasho, ndipo anarudi. Nilimwita mvivu, Mungu anisamehe. Kunyonya ndiyo kazi nzito kuliko zote anazofanya mtoto wa umri huo, na moyo wenye shida huonekana hapo mapema. Hesabu pia pumzi zake akiwa amelala, kwa saa ya simu, dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifika 50 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Wa mwaka 1 hadi 5, ni kuanzia 40. Ukiona mbavu zinabonyea kila akivuta hewa, usisubiri asubuhi.

Nilichokuwa nasubiri mimi ni midomo ya buluu. Nilijua mgonjwa wa moyo huwa wa buluu. Yake haikuwa hivyo hata siku moja.

Daktari wa watoto pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, alisoma bahasha yote kabla hajamgusa mtoto. Kwenye moyo hakusikia kelele ya maana, ila ini alilikuta limevimba, akaagiza eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Haina sindano wala mionzi; ni jeli ya baridi kifuani na mtoto anayegoma kutulia. Kwenye kioo daktari alinionyesha kwa kalamu mstari mwembamba uliokuwa ukivimba na kurudi, kama pazia la neti dirishani. "Hiki hakitakiwi kuwepo," alisema.

Chumba cha juu cha kushoto cha moyo hupokea damu kutoka mapafuni kwa mishipa minne, kikaipitisha kwenye valvu kwenda chumba cha chini. Kwa mwanangu chumba hicho kilikuwa kimegawanywa na utando, akawa na vyumba vitatu vya juu badala ya viwili. Hali hii huitwa kor triatriatumu, ilielezwa tangu 1868, na ni nadra sana. Damu yote ilipita kwenye kitundu kidogo cha ule utando. Inayosubiri zamu hurudi nyuma, mapafu yanajaa maji, kifua kinakoroma, na hapo ndipo tuliposikia "nimonia". Buluu haikuwepo kwa sababu damu hiyo imekwishachukua hewa yake. Kitundu kikiwa kipana mtu anaweza kufika utu uzima bila kujua. Kuna wanawake wanaogundua wakiwa wajawazito, damu inapoongezeka mwilini.

Alipewa dawa ya kukojosha, na kwa mara ya kwanza alilala usiku kucha. Usidanganyike na usingizi huo kama nilivyotaka kudanganyika. Dawa inapunguza maji, utando unabaki palepale. Tiba ni kuukata. Tulipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Moyo husimamishwa, mashine ikashika kazi yake na ya mapafu, utando unaondolewa, na kama kuna tundu jingine linazibwa hapohapo.

Shughulikia bima na barua ya rufaa mapema, na mwende watu wazima wawili, maana mmoja lazima alale. Mlinde mtoto na mafua wiki za mwisho; mafua tu yanaweza kuahirisha upasuaji.

Jambo ambalo nusura nilisahau kuwaambia nyumbani: mfupa wa kifua ukishafunguliwa, mtoto hainuliwi kwa kushikwa makwapani kwa wiki kadhaa. Unakinga mkono mmoja makalioni, mwingine mgongoni. Mama mkwe alifanya mazoezi kwa mto wa kitandani siku mbili kabla hatujarudi, na sasa ndiye anayewafokea wageni mlangoni.