Re: Nahamia Arusha kikazi kutoka Dar, nilipie nyumba kabisa kabla sijafika?

Mkuu, hongera kwa kazi. Usimtumie dalali hela ukiwa Dar, hata akikurushia picha kali namna gani. Fikia gesti au kwa ndugu wiki ya kwanza, uzunguke mwenyewe. Kwa kuwa umesema ofisi iko karibu na AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, anza na mitaa ya Sekei, Sanawari au Kijenge. Njiro ni kuzuri ila mfuko ujipange. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, na dalali naye anadai ya mwezi mmoja. Kabla hujalipa, fungua bomba uone kama maji yanatoka kweli, na uulize luku (mita ya umeme) ni yako peke yako au mnachangia.

Usa River na Maji ya Chai kodi ni nafuu, lakini maji ya huko yana floridi nyingi, na kuyachemsha hakuitoi. Kwa kuwa una mtoto mdogo, nunua ya kunywa, meno yake yasije yakawa ya kahawia.

Feni acha huko huko. Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari, Juni na Julai utatafuta blanketi zito. Masweta usinunue Kariakoo, mitumba ya soko la Kilombero hapa Arusha ipo ya kutosha.