Raba zinatosha kupanda Amani?

SWALI: Shikamoo dada, tuko wanne hapa Tanga mjini, tunataka kwenda kutembea msituni Amani, kule milima ya Usambara, mwezi wa nne. Raba za kawaida si zinatosha? Na mwongozaji ni lazima kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwezi wa nne ni masika bwana, ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, raba zikishaisha soli utashuka kwa makalio, kwa hiyo vaa buti zenye meno au sogezeni safari mpaka mwezi wa saba hivi. Mnapita Muheza, halafu mnaingilia geti la Zigi kule bondeni, joto bado la pwani, ila mkipanda mnaanza kusikia baridi, bebeni sweta na suruali ndefu mkichomekea kwenye soksi maana siafu hawana huruma.

Mwongozaji mchukueni, nakusihi. Bila yeye utampita kinyonga dume mwenye pembe tatu puani, katulia kwenye tawi usawa wa macho yako, na wala usimwone. Mwambie awaonyeshe pia lile ua dogo la zambarau, African violet kwa Kiingereza, linalojishika kwenye miamba yenye kivuli, majani yake yana vinyweleo laini kama mahameli. Wazungu wanalifuga kwenye vyungu madirishani, kumbe asili yake ni milima yetu hii, inaniuma watu wengi wa Tanga hawalijui! Msilichume lakini.

Ondokeni alfajiri, mchana mvua hazina adabu.